SOMO: Kusaga lami iliyochakaa na kuijengea barabara ile ile

Wakuu, barabara ikichoka wengi hukimbilia kuagiza kokoto mpya, ilhali za zamani ziko pale pale na zilishalipiwa. Hapa nazungumzia barabara ya lami nyembamba.

1. Chimba mashimo ya uchunguzi, pima unene wa kila tabaka, peleka sampuli maabara. Ukikuta udongo wa chini ni tope, simama. Tengeneza mifereji kwanza.

2. Piga hesabu, na hapa tusiharakishe. Kilomita 1, upana mita 6.5, kina sentimita 15, ni mita za ujazo 975 zilizoshindiliwa. Kokoto mpya huja zimelegea, kwa hiyo utaagiza kama 1,270: tripu 85 za tipa la mita za ujazo 15, na kifusi cha zamani bado hujakitupa. Ukisaga ya zamani, unanunua saruji tu ya kuufunga mchanganyiko. Asilimia 3 ya uzito, kwa tani 2 kila mita ya ujazo, ni tani 58.5, yaani mifuko 1,170 ya kilo 50. Ongeza kukodi mashine ya kusagia, kisha linganisha kwa bei za kwenu. Machimbo yakiwa jirani, kokoto mpya inaweza kushinda. Yakiwa mbali, nauli ya tipa humaliza ubishi.

3. Tandaza saruji, mashine isage lami na msingi pamoja huku maji ya boza yakiingia.

4. Shindilia na usawazishe kwa greda ndani ya saa mbili hivi, saruji isikuwahi kuganda.

5. Weka unyevu siku 7, kisha lami mpya juu.

MASWALI

Mdau: Nikizidisha saruji si itakuwa imara zaidi?
Jibu: Itapasuka, na nyufa zitapanda hadi kwenye lami. Fuata maabara. Mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa 1999, kwa daraja C1 (tabaka lililofungwa kwa saruji), unataka nguvu ya megapaskali 1 tu.

Mdau: Mapande ya lami naweza kuyachoma nizibe mashimo?
Jibu: Hapana. Moto wa moja kwa moja huunguza lami ambayo tayari imekakamaa. Kiwandani huchanganywa na kokoto mpya zenye moto.

Mdau: Mbona wakandarasi hawaipendi njia hii?
Jibu: Angalia mkataba. Anayelipwa kwa kusomba atapenda kusomba.

Mdau: Mtaa wetu ni mita 400.
Jibu: Kuisafirisha mashine tu kutakula faida yote. Labda muunganishe mitaa kadhaa kwenye zabuni moja.