Jinsi ya Kulichunguza Jicho Kabla ya Kununua Dawa

Katika kliniki ya macho ninakohudumu hapa Kisumu, wagonjwa wengi huanza kwa kunieleza jinsi jicho lilivyo jekundu, ilhali ninalotaka kulijua kwanza ni kama bado linaona.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kupima uoni. Vaa miwani yako ikiwa unayo, simama hatua chache kutoka kwenye kalenda ya ukutani, ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, usome tarehe, kisha uzibe la pili. Usiyapime yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa jicho zima huuficha udhaifu wa mwenzake. Presha ya macho haigunduliki kwa njia hii. Aliyepita miaka 40, hasa ambaye mzazi au ndugu yake anayo, apimwe kliniki.

Hatua ya pili, litazame jicho karibu na dirisha. Matongo yanayogandisha kope asubuhi, pasipo maumivu makali wala uoni kupungua, kwa kawaida ni ugonjwa wa macho mekundu: nawa mikono, usishiriki taulo, na uje usipopata nafuu baada ya siku chache. Ukungu katika mboni ya mzee mara nyingi ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji, si kwa matone. Weupe katika mboni ya mtoto mdogo, hata ukionekana pichani tu, unahitaji daktari upesi, kwani huenda ni saratani.

Linalonihuzunisha zaidi ni doa jeupe kwenye kioo cha jicho, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni. Mkata miwa wa upande wa Muhoroni hukwaruzwa na jani, akanunua matone yenye steroidi, dawa inayotuliza uvimbe bila kuua vijidudu, wekundu ukapungua akadhani amepona, kumbe kuvu walioingia na jani wanazidi kula kioo.

Hatua ya tatu ni kuamua. Maumivu makali, kuumizwa na mwanga, uoni kupungua ghafla, jeraha, au matongo kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja ni mambo ya kuja siku hiyo hiyo. Kemikali ikiingia, osha jicho kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 30, ndipo uanze safari. Njoo na chupa ya dawa yoyote uliyokwisha kuitia, na ikiwa ulitia ya kienyeji, niambie, sitakukaripia.