Jinsi ya kupima topolojia ya fuwele ya fotoniki kwenye kompyuta yako

Fuwele ya fotoniki ni mpangilio unaojirudia, kama safu za fito, unaoongoza nuru. Topolojia yake ni sifa isiyopotea mpangilio ukibadilishwa kidogo kidogo. Wengi wakisikia topolojia ya nuru hufikiria sumaku. Wanafizikia Haldane na Raghu walitoa wazo hilo mwaka 2008, na kundi la chuo cha MIT, Marekani, likalithibitisha mwaka 2009 kwa mawimbi ya mikrowevu, fito zikiwa ndani ya uga wa sumaku. Lakini ipo topolojia isiyodai sumaku, inayotokana na ulinganifu wa mpangilio tu. Ukiitafuta utaikuta mara nyingi.

Hatua ya 1. Sakinisha MPB, programu huria ya kukokotoa masafa ya nuru ndani ya fuwele. Chora seli, yaani kipande kinachojirudia, ya mraba yenye upande a, katikati weka ufito wa alumina: epsiloni (kipimo cha mwitikio wake kwa uga wa umeme) 8.9, nusukipenyo 0.2a, kuzunguka ni hewa.

Hatua ya 2. Kokotoa modi, yaani mitindo ya wimbi, ambazo uga wa umeme uko sambamba na fito. Masafa yake hujipanga katika makundi yaitwayo bendi. Kati ya bendi ya 1 na ya 2 kuna pengo pana, masafa yasiyo na modi yoyote. Pasipo pengo, acha seli hiyo.

Hatua ya 3. Sawazisha fezi ya uga ili uwe namba halisi, chanya au hasi, kisha chora bendi ya 1 kwenye nukta Γ (wimbi ni lilelile kila seli) na X (wimbi hugeuza ishara kila seli kuelekea upande mmoja). Zungusha picha nusu duara kwenye kitovu cha seli. Ikibaki vilevile, modi ni shufwa. Chanya ikigeuka hasi, ni witiri. Hapa zote mbili ni shufwa: seli ya kawaida, isiyo na topolojia.

Hatua ya 4. Hamisha ufito hadi kwenye pembe ya seli. Masafa hayabadiliki hata kidogo, ila X sasa ni witiri. Wengi hupotea hapa, wakidhani wamepata fuwele mpya. Fuwele ni ileile. Kilichobadilika ni mahali unapoikata, na ni kwenye mkato huo nuru inaweza kunaswa, ukingoni au kwenye pembe ya fuwele. Basi chagua kitovu kabla ya kuanza, usikiguse tena.

Hatua ya 5. Sasa chora seli nyingi kwa bahati nasibu, zisizobadilika zikizungushwa nyuzi 90. Kwa kila pengo, hesabu modi witiri zilizo chini yake kwenye Γ na kwenye X. Tofauti ya hesabu hizo mbili ikiwa namba witiri, pengo hilo lina topolojia. Usiishie pengo la kwanza. Mapengo ya juu yana mengi zaidi ya kuonyesha.

Njia hii ni ya fuwele bapa. Kwenye fuwele za pande tatu, bendi mbili za chini hazina ulinganifu dhahiri kwenye Γ masafa yakiwa sifuri, na hesabu hii haitoshi.