Kuipanga simu ikusaidie ukiwa na msongo wa mawazo: hatua ninazozitumia na wateja wangu Temeke

Mwanzoni mwa mwaka nilimlaumu kijana wa watu bure. Ni dereva wa bajaji, kijiwe chake Tandika, alikuja kwangu kwa ushauri nasaha kwa sababu tangu agongwe Barabara ya Mandela usingizi ulimpaa. Tukakubaliana kitu kidogo tu: kila siku saa tatu usiku simu imkumbushe, abonyeze siku yake ilikuwaje, alale. Wiki iliyofuata akarudi na daftari la kwenye simu likiwa jeupe. Nikamwambia, kwa ile sauti ya upole tunayofundishwa, kwamba pengine bado hajawa tayari.

"Dada, haijaniita," akasema.

Sikumwamini. Kila mtu husema simu haijamwita. Kumbe kweli haikumwita, na hatua ya 4 hapa chini ndiyo habari yenyewe, ndiyo maana imekuwa ndefu kuliko zote. Kijana ameridhia niandike, nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Maelekezo ni ya Android. Wenye iPhone mtanisamehe, wateja wangu hawana.

Hatua ya 1: Ondoa kinachokuumiza kwanza

Kabla ya kupakua chochote, pitia programu ulizonazo. Mara nyingi nikimpekulia simu mtu mwenye mawazo nakuta programu ya mkopo, ile kausha damu ya kidijitali inayochukua namba za ndugu zako wote na kuwapigia ukichelewa siku moja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, lakini iliyokwisha kuingia kwenye simu yako haitoki yenyewe. Usiifute kwa hasira. Piga kwanza picha za skrini: deni lililobaki, tarehe, na jumbe za vitisho, maana huo ndio ushahidi wako. Kisha nyang'anya ruhusa ya kusoma namba, halafu ndipo ufute.

Magrupu ya WhatsApp yanayorusha video za ajali, yanyamazishe. Huna haja ya kujitoa na kuulizwa umekasirika nini.

Hatua ya 2: Daftari la hisia

Mimi hutumia Daylio. Sababu zangu ni tatu: haikulazimishi kufungua akaunti, inafanya kazi bila bando, na unachoweka kinabaki kwenye simu yako. Unabonyeza uso mmoja kati ya tano, kisha vijialama vya ulichofanya siku hiyo, basi. Watu wa kuniambia "aandike kurasa mbili kila usiku" hawajawahi kuendesha bajaji tangu saa kumi na moja alfajiri.

Badilisha majina ya zile nyuso. Zinakuja na Kiingereza, na mtu hawezi kusema ukweli wa moyo wake kwa neno asilolitumia. Kijana wangu aliziita Freshi, Poa, Kawaida, Nimevurugwa, Hoi. Kwenye shughuli futa vyote vilivyokuja navyo, weka sita tu. Zake zilikuwa usingizi, pombe, ugomvi, msikiti, mpira, hesabu. Hiyo hesabu ni ile ya kumpelekea tajiri mwenye bajaji, si ya darasani.

Programu inayotaka namba yako ya simu na orodha ya watu wako kabla haijakuuliza hata hujambo, achana nayo. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya mamlaka ya biashara ya huko kuishtaki kwa kugawa taarifa za wateja wake kwa kampuni za matangazo. Finland ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2020 wagonjwa wa kituo cha Vastaamo walianza kupokea jumbe za kudaiwa pesa ili maongezi yao na mtaalamu yasianikwe mtandaoni. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo naishukuru, ila sheria hufika baada ya mwizi.

Hatua ya 3: Funga mlango

Weka namba ya siri ndani ya programu yenyewe, tofauti na ya kufungulia simu na tofauti na ya kutolea pesa. Ficha maudhui ya arifa kwenye kioo kilichofungwa. Simu ya Dar inashikwa na mke, watoto na deiwaka kabla ya saa nne asubuhi.

Hatua ya 4: Hakikisha ukumbusho unalia kweli

Anza na ruhusa. Tangu Android 13, programu mpya haikutumii arifa mpaka umekubali, na swali hilo huulizwa pale mwanzoni, wakati ambao mtu anakataa kila kitu ili apite. Ingia Mipangilio, kisha Programu, tafuta daftari lako, washa arifa. Kwenye Android 14 kuna ruhusa nyingine, ya kengele na vikumbusho, ambayo kwa programu nyingi huja imezimwa. Iwashe nayo, la sivyo ukumbusho wa saa tatu utakufikia saa nne kasoro.

Halafu betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikilala huzilaza na programu zake. Humo humo kwenye ukurasa wa programu, fungua sehemu ya betri, chagua ile isiyo na vizuizi. Zima pia swichi ya kusitisha programu isiyotumika. Usipoizima, programu ikikaa miezi bila kufunguliwa hunyang'anywa ruhusa zake, na mtu aliyezama kwenye sonona ndiye hasa asiyefungua kitu.

Haya yote nilikuwa nimeyafanya siku ya kwanza. Nikajaribu pale pale mezani: nikaweka ukumbusho wa dakika mbili mbele, ukalia, nikajisifu, nikamruhusu aende. Usiku, kimya.

Tulikaa Jumamosi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Tukaifuta, tukaipakua upya, tukabadilisha saa, tukabadilisha mlio. Kila tukijaribu inalia. Nilikuwa nimeshaanza tena kumtazama kwa jicho la "wewe unaizima". Mwishowe nikamwomba anisimulie siku ya simu yake, si yake yeye, tangu inapochomolewa chaja.

"Saa kumi jioni inazima, chaji inaisha kwa sababu ya abiria wa mtandaoni. Naiwasha usiku nikifika home."

Hapo ndipo. Simu ikizimwa, vikumbusho vilivyopangwa hupotea. Ikiwaka, kila programu inatakiwa iamshwe ivipange upya. Sasa simu nyingi za bei nafuu zina msimamizi wake wa ziada anayekataza programu kujiwasha zenyewe, na huyo msimamizi hayuko kwenye ukurasa wa betri. Kwa kijana huyu alijificha ndani ya ile programu ya kusafisha iliyokuja na simu. Fungua yako, tafuta sehemu ya programu kujiwasha, ruhusu daftari. Jina la sehemu hiyo hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo usitafute neno, tafuta orodha ya programu yenye swichi pembeni.

Kisha jaribu hivi, na si vingine: weka ukumbusho wa dakika kumi mbele, zima simu kabisa, iwashe, ifungue kwa namba ya siri, usiliguse daftari, subiri. Jaribio la mezani bila kuzima simu halikuambii kitu.

Kuna na ufagio. Kitufe kile cha kufagia programu zote "simu iwe nyepesi" watu hukibonyeza kama tasbihi, na kwenye baadhi ya simu huua na vikumbusho. Fungua orodha ya programu ulizotoka kuzitumia, tafuta alama ya kufuli kwenye daftari, lifunge. Programu uliyoisimamisha kwa lazima kwenye Mipangilio nayo hainyanyuki mpaka uifungue kwa mkono.

Na baada ya yote hayo, sasisho moja la mfumo laweza kukurudisha mwanzo. Kwa hiyo siku hizi naweka ukumbusho pande mbili: ndani ya daftari, na kwenye kengele ya saa ya simu, ambayo haisumbuliwi sana kwa sababu ni ya simu yenyewe. Ipe jina lisilomwaga siri. Ya kijana inaitwa "Piga tajiri". Nikamshauri pia afunge chaja kwenye bajaji, kitu ambacho ningekianza kama ningemwamini tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Maswali tisa, kila wiki mbili

PHQ-9 ni dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona, lililochapishwa mwaka 2001 na Spitzer, Kroenke na Williams wa Marekani. Ni bure, na lipo la Kiswahili. Linauliza wiki mbili zilizopita: raha, usingizi, uchovu, hamu ya kula, umakini na mengineyo. Kila jibu ni 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Ukifika 10, nenda ukaonane na mtaalamu, usijitibu na grafu. Usilijaze kila siku. Linapima wiki mbili, kwa hiyo ukilijaza leo na kesho unajitisha tu.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya 0, jumla achana nayo: mwambie mtu leo hii na usikae peke yako. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, iwe Temeke, Amana au Mwananyamala, au Muhimbili. Hatari ikiwa ya sasa hivi, nenda mapokezi ya dharura, au piga 112. Kwa mtoto kuna 116, bure.

Hatua ya 6: Watu watatu kwenye kioo

Weka namba tatu za watu wa kuwapigia ukizidiwa kwenye uso wa simu, kila moja na kitufe chake. Waambie kabla kwamba umewaweka.

Hatua ya 7: Pumzi

Vuta kwa hesabu ya nne, shikilia nne, toa nne, tulia nne. Hakuna programu inayohitajika.

Nikiulizwa kuhusu roboti za kuchati: mtaalamu wa kompyuta Joseph Weizenbaum alitengeneza ELIZA, programu ya mwanzoni ya kuchati na mtu, mwaka 1966 na akashtuka kuona watu wanaimwagia siri zao, kwa hiyo mvuto huo si mpya. Akili mnemba itakusaidia kupanga maneno ya kumwambia daktari. Ila usiiwekee moyo wako wote. Woebot, roboti ya ushauri iliyokuwa na watumiaji wengi, ilifungwa katikati ya 2025.

Hatua ya 8: Soma grafu na mtu mwingine

Subiri wiki sita. Mimi na kijana tuliifungua tukitegemea kuiona ile ajali kila mahali. Tukakuta Hoi zimepangana Jumamosi, karibu zote, na pembeni ya kila moja kijialama cha hesabu. Jumapili asubuhi ndiyo siku ya kumlipa tajiri ya mkataba. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe sio gari."

Alimwomba tajiri wagawe malipo mara mbili kwa wiki. Tajiri akakataa. Tukaisogeza kengele ya Jumamosi mpaka saa kumi na mbili jioni, kabla hajaanza kuhesabu pesa.