Kabla hujaposti safari ya Desemba: nani umwambie sasa, nani asubiri

Kila Desemba ni vilevile, alfajiri stendi ya Mbezi imefurika, watu wanaenda Moshi, Arusha, Rombo, na basi halijafika hata Chalinze stetasi zimeshajaa: masanduku mlangoni, watoto na majaketi yao, "kwaheri Dar tuonane mwakani". Siwalaumu, furaha ya kwenda nyumbani haifichiki. Ila naomba usome hii kwanza, maana kwetu yalitukuta.

Dada yangu miaka mitatu iliyopita aliweka stetasi nne. Ya kwanza masanduku, ya pili geti linafungwa kufuli jipya, ya tatu wako kwenye basi familia nzima, ya nne kaandika "tupo nyumbani mpaka tarehe 3". Waliporudi kufuli lipo palepale, zima kabisa, ila nondo za dirisha la jikoni zimekatwa, tivii hakuna, mtungi wa gesi hakuna, hadi pasi wamebeba. Siwezi kuapa kwamba mwizi aliona stetasi. Lakini nilikaa naye tukapitia majina ya wenye uwezo wa kuziona, ukiacha ndugu na marafiki tukakuta fundi aliyeweka hizohizo nondo, bodaboda wawili, dalali aliyewatafutia nyumba, dada wa kazi wa zamani, na namba moja kaiseviwa "kaka wa maji" ambaye hata sura yake haikumbuki. Wengi wao ni watu wema, sisemi vinginevyo, ila wote walikuwa wameambiwa na mwenye nyumba mwenyewe kwamba nyumba haina mtu wiki mbili.

Kwa hiyo cha kwanza kabla hujagusa simu, jiulize huu mpango unamhitaji nani. Kuna mnaosafiri pamoja, kuna anayewapokea, kuna jirani anayebaki na ufunguo. Hao wanahitaji tarehe na saa. Waliobaki wanahitaji picha tu, na picha haziozi, zinaweza kusubiri mrudi.

Sasa twende kwenye setingi. WhatsApp mtu anaona stetasi yako kama wewe umesevu namba yake na yeye kasevu yako, ndiyo maana fundi wa mwaka juzi bado yumo. Ingia kwenye setingi, privasi, halafu stetasi, utakuta njia tatu: namba zako zote, zote isipokuwa utakaowatoa, au wale utakaowachagua tu. Chukua hiyo ya mwisho. Ukisema uwatoe mmojammoja utachoka na utawasahau wale wabaya zaidi, yaani wale usiowakumbuka kabisa, bora uchague kumi unaowajua. Na fanya kabla ya kuposti, kwa sababu ukibadilisha baadaye ile iliyokwisha kwenda haibadiliki, itabidi uifute. Instagram kuna ile ya marafiki wa karibu, ya tangu 2018, inafanya kazi hiyohiyo.

Mipango yenyewe ipelekeni kwenye grupu dogo la wanaosafiri tu, sio lile la ukoo lenye watu themanini. Kama hamjakubaliana tarehe pigeni kura humohumo, WhatsApp ina sehemu ya kura, inaokoa zile meseji za "mimi yoyote sawa" siku tatu mfululizo. Mkiwa njiani mtumie mtu mmoja anayewasubiri lokesheni laivu, unachagua dakika 15, saa moja au masaa 8, na kwa foleni za Desemba masaa 8 yanaweza kukata kabla hamjaiona Himo, kwa hiyo mkifika Korogwe mnakula, washa upya. Mama anaangalia simu yake anajua mpo Same, hapigi kila dakika kumi, na hakuna mwingine anayejua.

Tiketi ya ndege usiposti kabisa, hata kwa marafiki. Ile namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu sita ukiiunganisha na jina la ukoo, kwenye mashirika mengi mtu anaingia kwenye safari yako na anaweza kuichezea.

Halafu kuna jambo watu hawalizungumzii na mimi naliona kubwa kuliko wizi. Mipango yako ina watu wengine ndani yake. Unaposti upo Moshi mjini unakula mtori, kumbe shangazi Rombo kaona, na wewe umefika tangu juzi hujaenda kumsalimia, hapo umeshamuumiza na nyama utakayompelekea keshokutwa haitafuta. Au mnaenda watano kwenye kitchen party ya rafiki yenu, wa sita hakualikwa, analiona kwenye simu akiwa kitandani. Au shemeji yako hajawaambia wakwe kwamba yupo nchini, wewe unamtagi. Muulize mtu, "naweza kukuweka?" Neno moja tu.

Mwaka 2009 huko Marekani Mark Hendrickson alianzisha Plancast, mtandao wa watu kutangaziana wanakotarajia kwenda, na mwanzoni mwa 2012 akaeleza mwenyewe kwa nini haukushika. Mimi sishangai. Mtu akiulizwa utakuja anasema "nitaangalia", "Mungu akipenda", kwa sababu hataki kushikwa neno lake kabla hajajua nauli itapatikana au mtoto ataamka mzima. Kilichokwisha fanyika ndicho anapenda kukionyesha, kwa hiyo ukiahirisha kuposti hujinyimi kitu, unafuata tu tabia ambayo watu wanayo tayari.

Dada yangu sasa anafanya hivi: mpango wote uko kwenye grupu la watu sita, ufunguo kwa jirani, na jirani anawasha taa ya nje kila jioni. Mwaka jana picha zote aliziweka tarehe 4 usiku, akiwa sebuleni kwake Tabata, Kibo asubuhi na theluji yake, watoto wanavuna parachichi, bibi kashika kikombe cha chai. Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi wa Rombo, kwa sababu na yeye yupo kwenye hizo picha.