Jinsi ya kupima sanduku la rekodi za laivu la mwimbaji nguli

Sanduku la rekodi za laivu halipimwi kama albamu ya studio. Studio inakupa toleo moja ambalo mwimbaji na prodyuza wake walikubaliana litoke. Sanduku la CD nne, au hata arobaini na mbili, linakupa maonyesho mengi ya jukwaani. Yamerekodiwa na watu tofauti kwa mitambo tofauti, mengine yametunzwa vizuri, mengine ovyo, na yote yamepita mikononi mwa mhariri miaka mingi baada ya wanamuziki kwenda zao. Kwa hiyo maswali ni mawili na yanafuatana. Je, onyesho limenifikia salama? Likishafika, je, mkusanyiko huu unanionyesha mwimbaji akifanya jambo ambalo rekodi moja isingeweza kulionyesha?

Wengi huliruka swali la kwanza. Wanasikiliza, wanasisimka, wanaandika kwamba sauti ni ya dhahabu, basi. Mwimbaji nguli hana shida na sifa hizo, alishazipata zamani. Mwenye shida ni msomaji anayetaka kujua kama atoe pesa yake.

Andaa hedifoni nzuri, daftari, piano au programu yoyote ya simu inayotoa noti sahihi, na kompyuta yenye programu ya kuhariri sauti. Audacity ni ya bure na inatosha. Kama kuna santuri iliyotoka enzi hizo kutokana na maonyesho hayohayo, itafute nayo.

Hatua ya 1: Soma kijitabu kabla ya kubonyeza chochote

Chora jedwali lenye tarehe, ukumbi, wapigaji, muda wa onyesho, na kama rekodi ilishawahi kutoka. Jaza kwa kutumia kijitabu kinachokuja ndani ya sanduku. Nafasi utakazoshindwa kujaza ndizo zinazokueleza waandaaji walijali kiasi gani. Kijitabu kinachosema tu kwamba nyimbo zilirekodiwa Ulaya miaka ya 1960 kimeanza vibaya, hata kama picha zake zinameremeta.

Mfano mzuri wa jedwali linalojazika ni sanduku la Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, lililotoka 2009, CD nne kutoka klabu ya Crescendo, Hollywood. Rekodi zake ni za Mei 1961 na za Juni 1962, aliporudi palepale. Mwaka 1961 piano ilikuwa kwa Lou Levy, gitaa kwa Herb Ellis, besi kwa Wilfred Middlebrooks, ngoma kwa Gus Johnson. Mwaka uliofuata piano alishika Paul Smith, ngoma Stan Levey, Middlebrooks akabaki kwenye besi, na gitaa halikuwepo. Ukishajua hivyo, unasikiliza ukiwa na kazi masikioni: gitaa likiondoka, nani anaijaza nafasi yake, na mwimbaji anaitumiaje nafasi inayobaki wazi? Bila majina na tarehe ungesikia tofauti hiyo ukadhani ni hali ya hewa.

Kuwa mkali na neno "kamili" kwenye jalada. Aretha Franklin, mwimbaji wa soul, aliimba kwenye ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, maonyesho ya tarehe 5, 6 na 7 Machi 1971. Albamu iliyotoka mwaka huohuo ilikuwa santuri moja ya nyimbo zilizochaguliwa. Mwaka 2005 ndipo likaja sanduku la CD nne lenye maonyesho yote matatu, pamoja na sehemu za bendi ya mpiga saksafoni King Curtis, iliyompigia. Hapo neno hilo lina maana. Sanduku jingine linaweza kujiita kamili na bado limetupa utambulisho wa mtangazaji, mazungumzo kati ya nyimbo na wimbo wa bendi wa kufungulia. Jumlisha dakika. Onyesho la dakika sabini lililobaki dakika arobaini na tano limekatwa, na una haki ya kuuliza kilichokatwa.

Hatua ya 2: Tafuta mishono

Mshono ni mahali ambapo vipande viwili vya rekodi vimeunganishwa. Sasa vaa hedifoni, lakini usisikilize nyimbo. Sikiliza sekunde kumi za mwisho za kila wimbo na sekunde kumi za mwanzo za unaofuata, sanduku zima. Ni kazi ya kuchosha, ila ndiyo inayokutenganisha na shabiki.

Makofi ya kweli yana umbo. Yanaanza sehemu moja ya ukumbi, yanaenea, yanapungua bila mpangilio, kuna mtu mmoja anachelewa kunyamaza. Makofi yaliyobandikwa huingia yote kwa pamoja na kutoka kama bomba lililofungwa. Ukisikia mluzi uleule baada ya wimbo wa pili na tena baada ya wa tisa, umeshakamata mshono. Linganisha pia ukubwa wa makofi na ukubwa wa mahali: klabu ya meza chache haiwezi kutoa ngurumo ya uwanja.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1956, tamasha la Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazz, huko Newport, Marekani, lilitoka kwenye santuri ikiwa na sehemu zilizorudiwa studio baada ya tamasha, na makofi yakachomekwa juu yake. Ilibidi kusubiri hadi 1999. Kanda ya redio ya Voice of America iliyorekodiwa jukwaani hapohapo iliunganishwa na ile ya kampuni ya santuri, ndipo watu wakalisikia tamasha lenyewe. Hata rekodi ya mwimbaji wa country Johnny Cash katika gereza la Folsom, Januari 1968, ina shangwe maarufu iliyoongezwa wakati wa uhariri.

Je, mshono unaliangusha sanduku? Si lazima. Mhariri anayeunganisha sehemu mbili kwa sababu kanda iliisha katikati ya wimbo, na akasema hivyo kwenye kijitabu, amefanya kazi yake. Mimi huondoa alama kwa mshono uliofichwa.

Hatua ya 3: Pima kasi ya kanda

Hapa ndipo hukumu nyingi huharibika bila mwandishi kujua. Kanda ikizunguka kwa kasi zaidi ya ile iliyorekodiwa nayo, kila kitu kinapanda pamoja: mwendo, noti, hata rangi ya sauti. Kasi ikizidi kwa asilimia sita hivi, muziki unapanda nusu toni nzima (hatua ya kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachokifuata, vyeusi vikiwemo), na wimbo wa dakika tatu unapungua sekunde kumi. Mtetemo wa sauti unakuwa wa haraka, irabu zinakuwa nyembamba, na mwimbaji wa miaka hamsini anasikika kama wa thelathini na mitano. Ukiandika kwamba kwenye CD ya tatu sauti yake ilikuwa changa ajabu, huenda unaisifu mashine.

Njia ya kwanza ni piano. Tafuta noti ya mwisho ya wimbo na uilinganishe. Ikiangukia katikati ya noti mbili, shuku kasi, ingawa piano ya ukumbi nayo inaweza kuwa imelegea. Kwenye opera kazi ni rahisi zaidi kwa kuwa ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo unaimbiwa, umeandikwa kwenye nota. Mwimbaji wa opera Maria Callas, akiimba Aida, opera ya Verdi, mjini Mexico City mwaka 1950 na tena 1951, alichomeka Mi bemoli ya juu (nusu toni chini ya Mi) ambayo Verdi hakuiandika, na mashabiki wanaizungumzia hadi leo. Kanda ya namna hiyo ikizidi kasi kwa nusu toni, noti inakuwa Mi kamili na sifa inakuwa ya uongo. Ikipungua kwa kiasi hicho, mwimbaji amedhulumiwa. Ndiyo maana sanduku lake la 2017, CD 42 za miaka ya 1949 hadi 1964, ambazo nyingi zilizunguka kwa miongo kwenye nakala za magendo, linastahili kupimwa kasi kabla ya kitu kingine chochote.

Njia ya pili ni mvumo wa umeme. Umeme wa Marekani hutetema kwa 60 Hz (mara 60 kwa sekunde), wa Ulaya 50, na mitambo ya zamani mara nyingi iliuacha mvumo huo kwenye kanda. Chagua sekunde tatu au zaidi zenye utulivu kati ya nyimbo, fungua mchoro wa masafa (Plot Spectrum kwenye Audacity), weka ukubwa wa dirisha 65536 ili mchoro usiwe wa kukadiria, kisha tafuta kilele cha chini. Ukikikuta karibu na 63.5 kwenye rekodi ya Chicago, kanda inakimbia kwa nusu toni. Tahadhari moja: mvumo unaweza kuwa uliingia baadaye, wakati kanda inanakiliwa. Ukiwa umetoka kwenye kunakili utakuwa sawasawa 60 huku piano ikiendelea kulalamika. Tumia njia zote mbili.

Hatua ya 4: Usafishaji

Fupi tu. Sikiliza herufi "s" na "f" mwishoni mwa maneno. Zikiwa zimemezwa, fundi amefuta kelele ya kanda hadi akafuta na mdomo wa mwimbaji. Sikiliza ukimya kabla ya wimbo pia: ukumbi wenye watu una pumzi yake, na ukikuta ukimya mtupu unaofuatiwa na sauti, chumba kimeondolewa. Kisha linganisha sehemu ya kunong'ona na sehemu ya kupaaza sauti. Zikilingana kwa nguvu, mtu amebana kila kitu ili kisikike vizuri kwenye gari. Kwangu ni heri kelele kidogo.

Hatua ya 5: Wimbo mmoja, maonyesho matatu

Sasa ndiyo tunafika kwa mwimbaji. Chagua wimbo unaojirudia angalau mara tatu ndani ya sanduku na usikilize matoleo yote mfululizo. Watu hulalamika kwamba kurudia nyimbo ni kujaza nafasi. Kwangu, kurudia ndiyo sababu ya sanduku kuwepo.

Anza na pumzi. Andika mashairi ya ubeti mmoja na uweke alama kila anapovuta hewa. Huenda mstari aliouimba kwa pumzi moja miaka kumi nyuma, sasa anaukata mara mbili. Hilo lenyewe si anguko. Angalia amekata wapi: akikata katikati ya neno, mwili umemshinda, akikata mahali ambapo maana inapata uzito mpya, amegeuza upungufu kuwa ufundi. Kisha ufunguo. Waimbaji wengi hushusha kadiri umri unavyokwenda, na mara nyingi wimbo hufaidika kwa kuwa maneno yanatamkwa vizuri zaidi chini. Lakini usithubutu kusema ameshusha kabla hujamaliza hatua ya tatu.

Halafu angalia yale yanayoonekana kuzuka papo hapo. Tarehe 13 Februari 1960, mjini Berlin, Ella alisahau maneno ya wimbo katikati. Akayatunga mengine palepale, akijicheka ndani ya wimbo bila kupoteza mdundo, na rekodi hiyo ikampa tuzo za Grammy. Hapo jambo lilizuka kweli. Kwenye sanduku una nafasi ya kuhakiki: utani uleule, kigugumizi kilekile na kicheko kilekile vikitokea Jumanne na Alhamisi, basi vilipangwa mapema. Usimhukumu kwa hilo tu. Jukwaa ni kazi, na mtu hawezi kuzaliwa upya kila siku saa mbili usiku. Ninachotafuta ni mabadiliko madogo ndani ya kile kilichozoeleka, silabi iliyocheleweshwa, noti moja iliyoachwa isiimbwe.

Kwa waimbaji wa aina ya Umm Kulthum, nguli wa Misri, kipimo kinageuka. Matamasha yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi, yaliyorushwa na redio ya Misri, yalikuwa na nyimbo zilizovuka saa nzima kwa sababu mstari mmoja ulirudiwa tena na tena, kila mara kwa mapambo mengine, huku wasikilizaji wakimsukuma kwa kelele zao. Toleo lililopunguza marudio hayo ili wimbo uenee kwenye CD limetupa muziki wenyewe na kubakiza mashairi. Huko usipime kama anaimba wimbo vilevile au tofauti, pima anaupeleka wapi mstari kati ya rudio la kwanza na la tano, na nani kamfikisha huko.

Hatua ya 6: Wasikilize wasikilizaji

Mwimbaji wa soul Sam Cooke aliimba kwenye klabu mbili: Harlem Square Club, Miami, Januari 1963, na Copacabana, New York, Julai 1964. Ya Copacabana ilitoka haraka, nadhifu, ikiwa imevaa suti. Ya Miami ilikaa kabatini hadi 1985, na ukiisikia unaelewa kwa nini kampuni iliiogopa: sauti imekwaruza, watu wanamjibu kila mstari, na yeye anawafuata wanakotaka. Koo ni lilelile. Walioketi mbele yake ndio tofauti.

Kwa hiyo angalia miksi, yaani mpangilio wa nguvu za sauti mbalimbali, imewaweka wapi watu. Rekodi hiyo ya Miami imetoka zaidi ya mara moja, na kiwango cha kelele za ukumbi hakifanani katika matoleo yote. Palipopunguzwa watu, Cooke anasikika wazi zaidi, ila unabaki ukijiuliza anapiga kelele kwa ajili ya nani.

Hatua ya 7: Toa hukumu

Rudi kwenye jedwali. Kila onyesho lipe alama mbili, moja ya hali lilivyofika na nyingine ya uimbaji, na usizijumlishe. Onyesho bovu kwa sauti lakini la ajabu kwa uimbaji liseme hivyo waziwazi, maana kuna msomaji atakayelitaka na kuna asiyeweza kulivumilia.

Hesabu dakika ambazo hazijawahi kutoka na ugawanye bei kwa hizo, si kwa jumla ya dakika zote. Masanduku mengi ya kifahari huyeyuka hapo.

Mwisho, usiandike kwamba sanduku lote ni la lazima isipokuwa umelisikiliza lote na ni kweli. Kama uzito uko kwenye CD ya pili peke yake, itaje kwa namba, sema ni onyesho la tarehe gani, na mwambie msomaji aanzie wimbo wa ngapi.