Tochi ya pweza: grisi gani, na ipakwe wapi

Kibanda changu kiko Ngamiani, hapa Tanga, na siku za bamvua wateja wangu wengi ni wachokoaji pweza. Maji yakipwa usiku wanashuka mwambani, mchokoo mkono mmoja, tochi mkono wa pili. Siku chache baadaye wananiletea: "Fundi, haifunguki."

Bomba la tochi hizi ni alumini. Maji ya chumvi yakipenya kwenye hesi za kifuniko, ile mikato ya kuzungushia, yanakula ile alumini, yanaacha unga mweupe, na mchanga unajazia. Ukileta koleo hapo umeiua.

Basi ipakwe mafuta? Ipakwe, lakini si mafuta yoyote. Yangu mwenyewe niliwahi kuipaka mafuta ya nazi, maana ndiyo yaliyokuwa jikoni. Baada ya muda yakachacha, yakanata, hesi zikawa msasa mtupu. Nikahamia mafuta ya mgando ya kujipaka. Pete ya mpira inayozuia maji pale kwenye kifuniko ikavimba, ikatoka kwenye mfereji wake kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Pete za mpira wa nitrili huyavumilia mafuta yatokanayo na petroli, kama hayo ya mgando. Za mpira wa aina ya EPDM huvimba, na zote mbili ni nyeusi, kwa macho huzijui. Ndiyo maana sasa natumia grisi ya silikoni, isiyodhuru aina hizo mbili. Ulizia maduka ya vifaa vya mabomba, usome kopo limeandikwa silikoni. Ila pete yenyewe ikiwa ya mpira wa silikoni, zile laini zinazopenyeza mwanga, grisi hiyo nayo huivimbisha. Hiyo iache kavu.

Kusafisha ndiko kwenye kazi. Toa betri. Bana pete kwa vidole viwili, isukume mpaka itokeze kitanzi, kisha uivute. Sindano na kisu weka mbali, mkwaruzo mmoja unatosha kupitisha maji. Sugua hesi kwa mswaki wa zamani, futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mpaka kitoke hakina weusi. Pete ioshe kwa sabuni, iache ikauke. Ikiwa imepasuka au imebapa, nenda nayo dukani ukalinganishe.

Grisi yenyewe chukua nusu ya punje ya mchele. Sugulia pete kati ya vidole mpaka ing'ae. Ukiona grisi imekaa juu yake kama siagi, umezidisha, na mchanga utashukuru. Kinachobaki kidoleni kipitishe kwenye hesi. Ukifunga, anza kuzungusha kinyume mpaka usikie hesi zimekaa, "tik", ndipo ukaze kwa vidole tu.

Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi ya bomba ingali imefungwa, uifute, ndipo uifungue. Watu wanaifungua palepale ufukweni, mikono ina chumvi, halafu lawama kwa fundi.

Jambo moja linawachanganya wengi: grisi hii haipitishi umeme. Tochi nyingi umeme hupita kwenye ukingo mtupu wa bomba, pale linapogusana na kifuniko. Kwa hiyo ikianza kupepesa baada ya kupakwa, usikimbilie betri mpya. Futa ukingo ule kwanza.