Itazame A Clockwork Orange kwa masikio kwanza

Tuanze na tahadhari. Filamu hii ya Stanley Kubrick ya mwaka 1971 ina vipigo na ubakaji, na haivifichi. Si ya watoto, na mtu mzima anayejua mambo hayo yatamuumiza ana haki ya kuiacha. Atakayekaa kuitazama, namsihi atangulize masikio.

Alex, kijana anayetusimulia, anazungumza lugha aliyoibuni Anthony Burgess katika riwaya yake ya 1962 iliyozaa filamu hii: Kiingereza kilichopandikizwa maneno ya asili ya Kirusi. Rafiki ni droog, maziwa ni moloko, kuona ni viddy. Usitafute orodha ya maana kabla, wala usisimamishe filamu kila neno linapokupita. Litarudi, na safari hiyo mkono au jicho la msemaji litakufafanulia. Lugha hii ni tamu, na hapo ndipo penye mtego. Alex anausimulia ukatili kwa maneno ya kuchezacheza, nawe unajikuta upande wake kabla hujapima anachokitenda. Ukiihisi hali hiyo, usiikwepe. Kubrick aliikusudia.

Picha ya kwanza irudie papo hapo. Alex anakukazia macho, jicho moja lina kope za bandia, na kamera inarudi nyuma polepole hadi unawaona wenzake na meza zenye umbo la wanawake uchi. Muziki unaousikia ni ule ambao Purcell, mtunzi Mwingereza wa zamani, aliutunga kwa ajili ya mazishi ya Malkia Mary. Wendy Carlos ameupiga upya kwa sinthesaiza, ala ya kielektroniki. Ndivyo filamu nzima ilivyosukwa: muziki wa heshima juu ya matendo machafu. Magenge mawili yanapopigana ndani ya ukumbi wa maonyesho uliotelekezwa, muziki wa Rossini unaufanya ugomvi uonekane kama ngoma. Rudia sehemu hiyo ukiwa umezima sauti. Utaona viti vinavyovunjika na miili inayoumia, vitu ambavyo muziki ulikuwa umekufunika macho usivione. Zoezi hili moja limenifundisha mengi kuliko uchambuzi wowote niliousoma.

Nusu ya pili ni kavu zaidi, na wengi huchoka hapo. Vumilia. Alex anafungwa, kisha anabanwa kope kwa vyuma na kulazimishwa kutazama picha za ukatili huku amechomwa dawa ya kumtia kichefuchefu, ili mwili wake usiweze tena kuustahimili ukatili. Simfoni ya Tisa ya Beethoven, anayoipenda kuliko kitu chochote, inapigwa juu ya picha hizo na kugeuka sumu kwake. Baadaye hesabu aliowaumiza wanavyorudi mmoja mmoja: mzee wa mitaani, wenzake wa zamani ambao sasa ni polisi, mwandishi. Msikilize pia kasisi wa gereza anapouliza kama mtu asiyeweza kuchagua ubaya anaweza kuitwa mwema. Kwangu mimi, yeye ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote.

Nchini Uingereza Kubrick mwenyewe aliiondoa filamu hii kwenye kumbi, na haikurudi rasmi hadi baada ya kifo chake mwaka 1999.

Riwaya isome baadaye, ukiwa bado unaikumbuka sauti ya Malcolm McDowell, aliyemwigiza Alex. Tafuta toleo lenye sura 21. Toleo la kwanza la Marekani liliiacha sura ya mwisho, ambamo Alex anauchoka ukatili kwa hiari yake, na filamu nayo inaishia kabla ya hapo. Mimi nausimamia mwisho wa Kubrick, ingawa Burgess hakukubaliana naye.